NAFASI YA MWAMUZI WAKATI WA KUANZA MPIRA

Wananchi na watumishi wa Serikali wanaohudhuria viwanjani watakubaliana nasi kwamba magomvi mengi ya mpira wa miguu huanza na kauli moja fupi: "Mwamuzi hakuona." Mara nyingine kauli hiyo ni ya ushabiki, kwani mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Lakini mara nyingine ni ya kweli. Mwamuzi hakuona kwa sababu hakuwa mahali pa kuonea, na hakuwa mahali hapo kwa sababu tangu filimbi ya mwanzo alisimama pasipostahiki.

Katika maelezo haya tunakusudia kufafanua mahali wanapopaswa kusimama waamuzi wakati mpira unapoanzwa, iwe ni mwanzo wa mchezo, mwanzo wa kipindi cha pili au baada ya goli. Maelezo yanawahusu waamuzi wa michezo ya shehia na wa mashindano ya mawizara, ambao wengi wao hufanya kazi hiyo kwa kujitolea. Yanawahusu pia watazamaji kwa sababu tutakayoieleza mbele.

ASILI YA NAFASI HIZO

Hapo zamani mchezo huu ulipokuwa ukikua Uingereza, kila timu ilileta mwamuzi wake, na wawili hao waliposhindwa kuafikiana walimwendea mtu wa tatu aliyekaa nje ya kiwanja. Utaratibu huo ulileta mabishano mengi. Mwaka 1891 yule mtu wa tatu aliingizwa ndani ya kiwanja na kupewa mamlaka kamili, na wale wawili wakapelekwa kwenye mistari ya pembeni na kupewa vibendera. Tangu hapo kazi ya uamuzi imekuwa ya watu watatu wanaotazama tukio moja kutoka pande mbalimbali. Mwaka 1991 aliongezwa mwamuzi wa nne anayekaa mezani baina ya mabenchi ya akiba, na mwaka 1996 washika vibendera walibadilishiwa jina, wakaitwa waamuzi wasaidizi.

Wazee wetu walijua kwamba ushahidi wa mtu mmoja una upungufu, hata awe mwadilifu namna gani, kwa kuwa jicho lake ni la upande mmoja. Waamuzi watatu uwanjani ni mfano wa mashahidi watatu. Iwapo wote watasimama pahala pamoja, basi idadi yao haina faida, kwani watakuwa wameona kitu kimoja na kukosa kitu kimoja.

SHERIA INAVYOSEMA

Kabla ya kueleza nafasi za waamuzi, hapana budi kukumbusha masharti ya kuanza mpira, kwa vile baadhi yake yamebadilika na wapo wanaoendelea kufuata yale waliyojifunza zamani.

Mpira huwekwa ukiwa umetulia kwenye alama ya katikati ya kiwanja. Wachezaji wote, isipokuwa yule anayepiga, hutakiwa kuwa katika nusu yao ya kiwanja. Wachezaji wa timu pinzani hutakiwa kuwa umbali usiopungua mita 9.15 kutoka kwenye mpira, na ndiyo sababu duara la kati likachorwa kwa kipimo hicho. Mwamuzi hupiga filimbi, na mpira huhesabiwa kuwa umeanza pale unapopigwa na kuonekana wazi kuwa umesogea.

Yapo mabadiliko matatu ya kuzingatiwa. Kwanza, tangu mwaka 1997 inaruhusiwa kufunga goli moja kwa moja kutokana na pigo la kuanzia. Pili, tangu mwaka 2016 mpira wa kuanzia unaweza kupigwa upande wowote, wakati hapo awali ilikuwa lazima uende mbele. Tatu, tangu mwaka 2019 timu iliyoshinda katika kurusha shilingi ina hiari ya kuchagua goli la kushambulia au kuchukua mpira wa kuanzia.

Mpigaji akiugusa mpira mara ya pili kabla haujaguswa na mchezaji mwingine, timu pinzani hupewa mpira wa adhabu usiofungwa moja kwa moja. Makosa mengine ya utaratibu, kama vile mchezaji kuvuka mstari wa kati kabla ya wakati, husababisha mpira kuanzwa upya.

Msomaji ataona kwamba katika pigo hili moja mwamuzi ana mambo mengi ya kuangalia kwa wakati mmoja: mpira, mpigaji, duara, na mstari wa kati kutoka upande mmoja wa kiwanja hadi wa pili. Hawezi kuyaangalia yote akiwa amesimama popote tu.

MWAMUZI WA KATI

Sheria haikumwekea mwamuzi wa kati alama ya kusimama. Miongozo ya waamuzi inasema kwamba nafasi bora ni ile inayomwezesha kutoa uamuzi ulio sahihi. Pamoja na hayo, uzoefu wa miaka mingi umeonyesha kwamba wakati wa kuanza mpira mahali pafaapo ni nje ya duara la kati, karibu na mstari wa kati, pembeni kidogo ya njia ya mpira. Akiwa hapo anaona mpira na mguu wa mpigaji, anaona wachezaji walio kwenye mstari, na akigeuza shingo tu anawaona wasaidizi wake wote wawili.

Waamuzi wengi wa zamani walizoea kusimama ndani ya duara, nyuma ya mpira. Wakati ule mpira ulipokuwa lazima uende mbele, jambo hilo halikuleta madhara makubwa. Hivi sasa mpigaji mara nyingi huurudisha mpira nyuma kwa kiungo au beki wake, na mwamuzi aliyesimama hapo huwa amesimama katikati ya njia. Mpira unaweza kumgonga yeye badala ya kumfikia mchezaji. Tangu mwaka 2019, mpira ukimgonga mwamuzi na milki yake ikahamia timu nyingine, mchezo husimamishwa na kuanzwa tena kwa mwamuzi kuudondosha mpira. Ni aibu kwa mchezo kusimama katika sekunde ya pili kwa kosa la anayeusimamia.

Baada ya mpira kuanza, mwamuzi hafuati mpira kama mtoto afuatavyo tiara. Hukimbia katika njia ya mshazari, kutoka pembe moja ya kiwanja kuelekea pembe inayoikabili. Utaratibu huo unanasibishwa na Stanley Rous, mwamuzi Mwingereza aliyekuja kuwa Rais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu la Kimataifa kuanzia mwaka 1961 hadi 1974. Faida yake ni kwamba mchezo hubaki baina ya mwamuzi na msaidizi wa upande ule, kila mmoja akiutazama kutoka upande wake. Kwa kawaida, mtu akisimama katikati ya kiwanja na kuelekea goli lolote, msaidizi wa nusu hiyo huwa kwenye mstari wa pembeni wa mkono wa kulia, na mwamuzi huelekea zaidi mkono wa kushoto. Mwamuzi aliyeanza mahali pabaya hulazimika kuutafuta mshazari wake wakati mchezo umekwisha kushika kasi.

WAAMUZI WASAIDIZI

Hapa ndipo penye kosa linaloonekana sana katika viwanja vyetu. Washika vibendera wengi, filimbi ya kuanza inapopigwa, huwa wamesimama kwenye mstari wa kati, kana kwamba nao wanasubiri kuingia mchezoni. Sivyo inavyotakiwa. Kila msaidizi anatakiwa awe sambamba na mlinzi wa pili kutoka mwisho wa timu iliyo katika nusu yake ya kiwanja. Mara nyingi mlinzi wa mwisho ni golikipa, kwa hivyo anayekusudiwa ni beki aliye nyuma ya wenzake.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini awe huko mapema hivyo, ilhali wakati mpira unapoanzwa hapana mchezaji anayeweza kuhesabiwa kuwa ameotea, kwa kuwa wote wako katika nusu yao? Swali ni la haki, na jibu lake ni kwamba hali hiyo hudumu kwa pigo moja tu. Mpira hurudishwa nyuma kwa beki, mshambuliaji huanza kukimbia, beki hupiga pasi ndefu, na yote hayo huchukua sekunde tatu au nne. Pasi ile ya pili ndiyo inayopima kuotea, na msaidizi hana muda wa kuifuata.

Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi. Tuseme msaidizi amesimama kwenye mstari wa kati, na beki wa mwisho yuko mita 25 mbele yake kuelekea golini, na mita 30 ndani ya kiwanja. Msaidizi huyo hamtazami beki kwa mstari ulionyooka. Anamtazama kwa mshazari. Mshambuliaji aliye upande wa karibu na msaidizi, hata awe nyuma ya beki kwa mita nzima, ataonekana machoni mwake kuwa ametangulia, na kibendera kitapanda bila ya haki. Mshambuliaji aliye upande wa mbali, hata awe ametangulia kwa mita mbili, ataonekana kuwa yuko nyuma ya beki, na goli litakubaliwa bila ya haki. Msaidizi huyu anaweza kuwa mkweli na asiye na upendeleo, na macho yake mazima. Kilichomdanganya ni pale aliposimama.

Ni vyema jambo hili likaeleweka na watazamaji pia. Kosa la namna hiyo halitokani na hongo wala chuki. Hata hivyo kwa anayetazama kutoka jukwaani, kosa la mahali na kosa la nia hufanana, na hapo ndipo lawama zinapoanza.

SEKUNDE ZA MWANZO

Wapo wanaodhani kwamba dakika za mwanzo ni za wachezaji kupashana misuli, na kwamba waamuzi wana nafasi ya kujipanga taratibu. Historia ya mchezo inaonyesha vyenginevyo.

Tarehe 17 Novemba, 1993, timu ya Uingereza ilicheza na San Marino, nchi ndogo kabisa, katika kuwania nafasi ya Kombe la Dunia. San Marino ndiyo iliyoanza mpira. Beki wa Uingereza aliurudisha mpira kwa golikipa kwa pigo hafifu, Davide Gualtieri wa San Marino akauwahi na kufunga. Ilikuwa ni sekunde 8.3 tangu mchezo kuanza. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2002, mchezo wa kutafuta mshindi wa tatu, Korea ya Kusini ilianza mpira ikapokonywa, na Hakan Şükür wa Uturuki akafunga katika sekunde ya 11. Tarehe 23 Machi, 2024 huko Bratislava, Christoph Baumgartner wa Austria alipokea mpira wa kuanzia, akawapita walinzi wa Slovakia na kupiga shuti lililoingia wavuni katika sekunde ya 6.

Katika sekunde 6 mshika kibendera aliyekuwa akizungumza na jamaa zake pembeni ya mstari hawezi hata kukunjua kibendera chake.

FUNZO LA MUNICH

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa fainali ya Kombe la Dunia iliyochezwa Munich tarehe 7 Julai, 1974 baina ya Uholanzi na Ujerumani Magharibi. Mwamuzi alikuwa Jack Taylor, Mwingereza ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuuza nyama. Uwanja ulikuwa umejaa, timu zimekwisha kujipanga, na dunia nzima ikisubiri filimbi. Taylor alipotupa macho pande zote akagundua kwamba vibendera vya pembe havikuwekwa. Hakuona haya kuichelewesha fainali ya dunia. Alisubiri mpaka vikawekwa, ndipo akapuliza.

Waholanzi walianza mpira, wakapasiana wenyewe kwa wenyewe, kisha Johan Cruyff akaingia na mpira hadi eneo la hatari na akaangushwa. Hapakuwa na Mjerumani hata mmoja aliyekwisha kuugusa mpira. Taylor aliamuru penalti dhidi ya wenyeji, mbele ya watu wao, na Johan Neeskens akafunga katika dakika ya 2. Hiyo ilikuwa penalti ya kwanza kutolewa katika fainali ya Kombe la Dunia. Baadaye katika kipindi hicho hicho Taylor aliwapa Wajerumani nao penalti, na mwishowe Ujerumani Magharibi ilishinda kwa magoli 2 kwa 1.

Tunalolikusudia katika kisa hiki si penalti zile. Mwamuzi aliyekagua vibendera vya pembe kabla ya kupuliza ndiye yule yule aliyekuwa tayari, dakika moja baadaye, kutoa uamuzi mzito kuliko wote wa maisha yake. Utulivu wa kabla ya filimbi ulimpa uwezo wa baada ya filimbi.

Waamuzi wa michezo mikubwa ya leo husaidiwa na picha za video, na utaratibu huo uliingizwa rasmi katika sheria mwaka 2018. Kiwanja cha shehia hakina mitambo hiyo. Mwamuzi wa hapo ana macho yake, miguu yake na wasaidizi wake wawili. Kwake yeye, kusimama pahala pake ndiyo mashine pekee aliyonayo.

WAJIBU WA WATAZAMAJI NA WATUMISHI

Tulisema mwanzoni kwamba maelezo haya yanawahusu watazamaji. Sababu ni kwamba msaidizi hawezi kusimama sambamba na beki iwapo mstari wa pembeni umejaa watu, baiskeli na vyombo vya wauza maji. Katika viwanja visivyo na uzio, watazamaji husogea kidogo kidogo hadi mstari ukatoweka chini ya miguu yao. Msaidizi hulazimika ama kukimbia ndani ya kiwanja, au kubaki penye uwazi, na uwazi huo kwa kawaida uko karibu na mstari wa kati. Baadaye, anapokosea kuotea, wa kwanza kumpigia kelele ni wale wale waliomnyima njia.

Kwa upande wa mashindano ya watumishi wa Serikali, lipo jambo jingine. Mwamuzi wa michezo hiyo mara nyingi ni mtumishi wa ngazi ya chini, na miongoni mwa wachezaji au watazamaji wapo wakubwa wake wa kazi. Imetokea mkubwa akaita mwamuzi na kumwamuru aanze mpira haraka kwa kuwa ana safari, ilhali msaidizi mmoja hajafika mahali pake. Ndani ya mistari ile minne hapana Mkurugenzi wala tarishi. Heshima anayopewa mwamuzi kabla ya filimbi ndiyo inayomwezesha kuwa muadilifu baada yake, na mkubwa anayeitii filimbi hapunguziwi cheo chake.

MUHTASARI

Kwa faida ya wale watakaopenda kuuhifadhi ukurasa huu, tunaorodhesha mambo yanayopaswa kutimizwa kila mpira unapoanzwa:

(a) Waamuzi wasaidizi wakague nyavu na vibendera vya pembe kabla ya mchezo, na wahesabu wachezaji wa kila timu kabla ya kila kipindi.

(b) Kila msaidizi aende kwa mlinzi wa pili kutoka mwisho wa nusu yake, kibendera kikiwa wazi mkononi, na asimame akiuelekea uwanja.

(c) Mwamuzi wa mezani ahakikishe kwamba wachezaji wa akiba na viongozi wa timu wako kwenye mabenchi yao.

(d) Mwamuzi wa kati asimame nje ya duara, karibu na mstari wa kati, mahali ambapo hazuii njia ya mpira wa kurudishwa nyuma.

(e) Kabla ya kupuliza, atazamane na msaidizi wa kwanza, kisha wa pili, na awaangalie magolikipa wote wawili. Asipopata ishara ya utayari, asubiri.

(f) Baada ya goli, asianzishe mpira mpaka wachezaji wote wamerudi katika nusu zao na wasaidizi wamerudi mahali pao. Timu iliyofungwa haina haki ya kuanza haraka wakati wapinzani wao bado wanashangilia katika nusu isiyo yao.

Kifungu hiki cha mwisho kinasahauliwa mara nyingi. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2018 huko Urusi, wachezaji wa Panama walijaribu kuanza mpira wakati wachezaji wa Uingereza wakiwa bado katika furaha ya goli. Jaribio lao halikukubaliwa, na ndivyo ipasavyo. Mwamuzi aliyekwisha kurudi mahali pake na kuwatazama wasaidizi wake hawezi kuharakishwa na mtu.

Wananchi wanaombwa kuwapa waamuzi njia ya kupita kwenye mistari ya pembeni, kwa kurudi nyuma angalau hatua mbili, na viongozi wa timu na masheha wanaombwa kulisimamia jambo hilo kabla ya filimbi ya kwanza, kwani baada ya hapo huwa vigumu. Kamba moja ya mnazi iliyofungwa kwenye vijiti inatosha.

Nyota njema huonekana asubuhi. Mtazamaji akitaka kujua mchezo utaendaje, asubiri wakati mpira unawekwa katikati, kisha awatafute waamuzi kwa macho: mmoja kando ya duara, mmoja kulia akiwa sambamba na beki, na mmoja kushoto vivyo hivyo. Akiwaona hivyo, na aketi atazame mpira.